Siku za Soko, Mjomba Hufunga Mlango

Mama yangu alinituma nikamwone kaka yake kabla mmoja wao hajafa. Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka, akiwa amekaa mkekani barazani kwetu Korogwe akichambua mchele. Yeye mwenyewe safari asingeiweza. Magoti yalikuwa yamekataa hata ngazi za zahanati. Mimi ni mwalimu, likizo ya Desemba ilikuwa inakaribia, na dada yangu mkubwa ameolewa Kitale, kwa hiyo sikuwa na udhuru wowote.

Mama ni mtu wa Bungoma. Kwao ni kati ya Chwele na Sirisia, na akiwa msichana alimpenda dereva wa lori aliyetoka Tanga kufuata mahindi Kitale. Dereva huyo ndiye baba yetu. Ndugu za mama walikataa: dini nyingine, nchi nyingine, mtu wa barabarani. Kaka zake wote walimpa mgongo isipokuwa mmoja. Huyo alipanda naye lori mpaka Korogwe, akamkabidhi kwa wakwe kwa mkono wake, akakaa kwetu wiki nzima ili aone anavyotendewa, ndipo akarudi kwao. Kaka wengine wote wamekwisha kuzikwa. Amebaki huyu, na kwa miezi mingi alikuwa hapokei simu, au akipokea anasema, "Tuko sawa, tuko sawa," kisha anakata.

Nilifikia kwa dada. Anaishi Kitale karibu na msikiti, kwenye ua wenye vyumba vingi vya wapangaji, na mume wake anauza vipuri vya pikipiki. Nilipomuuliza habari za mjomba, aliinamia sufuria yake kwanza. Akasema kila anapopiga simu kumwambia anakwenda kumtembelea, mjomba humjibu kwamba yuko safarini. Mzee mwenye umri ule, aliyekuwa hatoki kijijini kwake, sasa kila wiki yuko safarini. Dada alidhani amechukizwa na jambo fulani. Mimi nikaamua kwenda bila kupiga simu.

Nilishuka Kamukuywa, nikapata gari jingine mpaka Chwele, na kutoka hapo nikachukua bodaboda. Ilikuwa siku ya soko. Njia nzima tulipishana na pikapu zilizojaa kabichi, na mbuzi waliopakiwa kwenye pikipiki, na wanawake wenye vitunguu kichwani wakienda upesi kama wanaofukuzwa. Tulipoiacha barabara na kuingia njia ya mashambani, kelele zote zikabaki nyuma.

Nyumba ya mjomba ni ya matofali, ina mlango mmoja wa mbao. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kubwa kwa nje. Madirisha yalikuwa yamefungwa pia. Nilibisha hodi kwa heshima tu, nikijua hakuna mtu, nikaweka mkoba chini na kuanza kuwaza mahali pa kungojea. Ndipo mtu alipogonga mlango kutoka ndani.

Aligonga polepole, kwa kiganja. Nikasogea. Sauti ya mwanamke mzee ikasema kitu kwa Kibukusu, lugha ambayo mama alitufundisha maneno yake ya salamu tu. Nikasema nilichokijua: mulembe.

"Fungua mrango," akasema kwa Kiswahili.

Nilimtambua. Alikuwa mke wa mjomba, ambaye kwetu huitwa mkaza mjomba. Nilikuwa nimemwona mara moja katika maisha yangu, wakati wa harusi ya dada: mwanamke mrefu, mcheshi, mfanyabiashara wa vitunguu katika soko la Chwele, aliyetupatanisha sote katika ugomvi wa kugawana vyumba vya kulala. Nikamwambia mimi ni mtoto wa wifi yake wa Tanzania, nimekuja kuwaona.

"Fungua mrango, mama. Soko inaanza."

Nikamwambia sina ufunguo. Akaniomba tena. Nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakuniomba, ila aliketi chini, nikasikia mwili ukishuka ukisuguana na mbao, na vidole vyake vikatokeza chini ya mlango, pale palipo na uwazi kati ya mbao na saruji. Nilivitazama vidole vile. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri na zilikuwa safi. Nami nikakaa kizingitini, nikavishika.

Jirani alinikuta hivyo. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyebeba jembe begani. Nilimpa shikamoo, akacheka kidogo kwa kutojua aijibu vipi, akasema, "Mzuri." Kisha akanieleza bila kuficha. Mama huyu amepotewa na akili miaka kadhaa sasa. Hutoka akatembea asijue anakokwenda. Siku za kawaida mzee humwangalia mwenyewe, ila siku ya soko ni mbaya, kwa sababu akisikia tu pikipiki za asubuhi anataka kwenda kuuza. Na siku hiyo ndiyo mzee hana budi kwenda Chwele kutafuta mahitaji na dawa. Kwa hiyo humfungia.

Nikamuuliza nani mwingine ana ufunguo.

"Ni yeye tu."

"Na akianguka huko njiani?"

Alinitazama. "Hata sisi hujiuliza hivyo," akasema.

Aliondoka kwenda shambani kwake, nami nikabaki mlangoni. Jua lilipanda. Mkaza mjomba alizungumza nami kwa namna nyingi. Mara alikuwa sokoni, anaita wateja, ananisifia vitunguu. Mara ananiita jina la mtu nisiyemjua na kunikaripia kwa kumwacha nje ya nyumba yake, kwa kuwa kwake yeye huko ndani ndiko nje. Mara analia. Kilio chake hakikuwa cha mtoto wala cha mgonjwa. Alilia kama mtu mzima aliyeonewa. Alisema anataka kwenda haja. Nikamwambia avumilie, mjomba anakuja. Akasema hawezi. Baadaye akanyamaza, nami nikaelewa kwa nini amenyamaza, nikaona uso wangu unawaka kwa aibu kana kwamba ni mimi.

Hapo niliinuka kutafuta jiwe. Nililipata nyuma ya choo, jiwe la kutosha mikono miwili, nikarudi nalo mbele ya kufuli. Nilikwisha kuligonga mara moja, sauti ikavuma juu ya bati, mke wa mjomba akapiga ukelele ndani, na yule jirani akaja mbio kutoka shambani kwake akanishika mkono.

"Ukivunja hii leo," akasema akihema, "kesho atafunga na nini?"

Nikaliweka jiwe chini. Alikaa nami kidogo, halafu akarudi kazini.

Mjomba alirudi jua limeanza kupoa. Alikuja akisukuma baiskeli, si kwa sababu ilikuwa mbovu, bali miguu yake haikuweza tena kuiendesha. Aliitumia kama mkongojo. Alikuwa amekonda mno. Sura ya mama yangu ilikuwa pale pale usoni mwake, paji lile lile na masikio yale yale. Aliponiona kizingitini alisimama. Hakunisalimu wala hakuniuliza nimefika lini. Aliegemeza baiskeli ukutani, akatoa ufunguo uliokuwa umefungwa kwa kamba shingoni, akafungua.

Mkaza mjomba alitoka kama maji. Alitupita sote wawili, nguo imelowa, akakimbilia njia ya barabarani. Nikataka kumfuata, lakini mjomba akaniambia nimwache, atafika kwenye ule mti wa mwisho kisha atachoka arudi. Ikawa hivyo. Alirudi taratibu, akasimama mbele ya mumewe, akamuuliza kwa Kiswahili kama amemwona mzee wa hapa. Mjomba akamwambia ndiyo, amemwona, anakuja. Kisha akamshika mkono akampeleka ndani, akawasha moto, akapasha maji, akamwogesha mwenyewe. Nilijitolea kusaidia, akakataa. Kutoka nje nilimsikia akisema naye kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini isiyokatika, na mke wake akiitikia.

Alipokwisha kumlaza, alikuja akaketi nami kwenye benchi. Sasa ndipo aliponisalimu, akauliza habari za mama, za watoto, za mvua ya kwetu. Nikajibu yote. Halafu akaniambia:

"Mimi si mtu mbaya, mwanangu."

Nikasema najua.

"Hujui. Nikimwacha, anapotea. Mara moja nilimpata amelala kwa mto, maji imefika hapa." Alionyesha kiunoni. "Nikimfungia, analia mchana wote, na mimi huko soko nasikia hiyo kilio hata kama iko mbali. Sasa wewe umesoma. Niambie ya tatu."

Nilikaa pale nikiitafuta ya tatu. Ninachokumbuka ni kwamba nilijua tangu pale sitaipata, ila nilijifanya ninaitafuta, na niliendelea kujifanya hivyo kwa wiki zote zilizofuata.

Aliniomba jambo moja, nisimwambie dada yake, yaani mama yangu. Alisema alidanganya yuko safarini kwa sababu hakutaka damu yake ije ikute kufuli mlangoni.

Nilibaki pale badala ya kurudi Kitale kesho yake. Watoto wao walikuwa wawili: wa kwanza amezikwa nyuma ya nyumba, wa pili ni binti anayefanya kazi za ndani Uarabuni. Nilimpigia binti huyo. Alilia kwenye simu mpaka mwajiri wake akamwita, akakata. Nilikwenda kanisani kwao. Akina mama wa pale ni watu wema, walikuja wakaimba, wakafua, wakaleta ndizi, wakarudi kwenye nyumba zao ambazo nazo zina wazee. Tulimpata msichana wa kumwangalia. Mkaza mjomba alimpiga kofi siku ya kwanza, akamwita mwizi wa vitunguu, na siku ya pili msichana hakuja. Tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa na adabu. Alisema ni ugonjwa wa uzee, dawa iliyopo ni ya kumtuliza kidogo, na cha maana ni asiachwe peke yake. Mjomba alimshukuru sana kana kwamba amepewa kitu.

Kila nilipolala nilisikia mjomba akiamka. Mke wake alikuwa hatulii, na mjomba alikuwa amejifunga naye kwa kipande cha kanga, mguu kwa mguu, ili akiinuka ajue. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu kama ya mvuta bangi. Nilianza kuogopa kwamba atakufa yeye kwanza, siku ya soko, ufunguo ukiwa shingoni mwake kandokando ya barabara.

Dada ndiye aliyesema tuwalete Kitale. Mume wake aliridhia, ingawa chumba chenyewe kilikuwa cha watoto. Mjomba alikataa. Alisema mtu hahamii kwa mtoto wa dada yake akiwa na shamba lake. Nilimbembeleza siku nyingi, na mwisho nikatumia maneno ambayo nilijua yatamshinda: kwamba mama akisikia amekataa, atafunga safari mwenyewe na magoti yale. Akainama. Kesho yake tukafunga nguo zao kwenye shuka.

Kitale hakukuwa na nafuu. Mkaza mjomba hakujua choo kiko wapi, akilala anaamka analia anataka kwao, na kila adhana iliposikika alisimama akitaka kwenda kule inakotoka. Wapangaji walivumilia siku za mwanzo, kisha nikaanza kusikia milango yao ikifungwa kwa nguvu. Na mjomba, ambaye kwake alikuwa mtu mwenye kazi tangu alfajiri mpaka usiku, huku alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, mikono magotini, akishukuru kwa kila kikombe cha chai. Hakuwa na kuni za kupasua wala maji ya kuchota. Nilimwona anapungua.

Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka kwenda kuswali na geti la ua likiwa linafunguka na kufungwa, mkaza mjomba alitoka. Hakuna aliyemwona. Dada alikuwa jikoni, mimi nilikuwa ninamfulia mkaza mjomba nguo zake, mjomba alikuwa amesinzia kitini kwa mara ya kwanza tangu tumefika.

Tulimtafuta mtaani kwanza, tukidhani yuko karibu. Kisha sokoni, kati ya mafungu ya vitunguu, ambako nilikuwa na hakika nitamkuta. Hakuwapo. Tukaenda kwenye stendi ya magari ya Bungoma, hospitalini, kituo cha polisi. Mume wa dada alifunga duka akachukua pikipiki na kufuata barabara ya Kiminini. Mjomba alikwenda kwa miguu. Alikuwa amevua kofia, ameishika mkononi kama mtu aliye msibani, anamsimamisha kila mtu anayepita: wauza mitumba, mafundi viatu, vijana wa bodaboda. Anamweleza mkewe alivyo. Niligundua kwamba anamweleza alivyokuwa zamani. Alisema ni mama mrefu, mwenye nguvu, anayecheka. Nikawa nikimfuata nyuma na kurekebisha: mzee, amekonda, sweta ya kijani, hana viatu.

Baada ya Alasiri imamu alitangaza kwa kipaza sauti cha msikiti. Alisema kuna mama mzee Mkristo, mgeni wetu, amepotea, anasema Kibukusu na Kiswahili, atakayemwona amshike mkono kwa upole. Alirudia mara kadhaa. Mjomba alisimama katikati ya njia akaisikiliza ile sauti inavyokwenda juu ya mabati. Aliketi ukingoni mwa mfereji wa maji machafu, nami nikachutama mbele yake.

"Sasa naomba kitu moja tu kwa Mungu," akasema. "Afadhali nimpate amekufa kuliko nisimpate."

Nilitaka kumwambia asiseme hivyo. Lakini mimi pia, tangu tulipotoka stendi, nilikuwa nimewaza jambo baya kuliko hilo. Nilikuwa nimewaza kwamba asipopatikana, mzee huyu atapata usingizi. Nikamshika mikono.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama mume wa dada alipopiga simu. Mtu wa bodaboda aliyesikia tangazo alikuwa amemwona mama mmoja katika shamba nje ya mji, upande wa mbali kabisa na tulikomtafuta. Tulikwenda sote. Ilikuwa nyumba ya familia iliyotoka mkoa wa kati zamani, wakulima wa mahindi. Uani kulikuwa na lundo la mahindi makavu lililofika kifuani, na wanawake wameketi kulizunguka wakipukuchua, na kati yao, miguu ameinyoosha mbele, alikuwa mkaza mjomba. Miguu ilikuwa imekatwakatwa na mabua. Mikono yake ilikuwa inakwenda upesi kuliko ya wote.

Mama mwenye nyumba alituambia alimwona akiingia, akaketi, akaanza kazi. Walidhani amekuja na vibarua. Walipompa chai aliinywa, walipompa githeri, makande yao, alikula. Ni pale walipomuuliza anatoka wapi ndipo walipojua kuna kitu, kwa sababu alijibu kwamba anatoka hapa.

Nilimwita. Hakuinua macho. Dada akamshika bega, naye akautoa mkono wa dada kama anayefukuza nzi. Mjomba alitusogeza. Alijishusha chini kwa shida mpaka akaketi karibu naye, akachukua hindi moja, akaanza kupukuchua. Wazee wale wawili walifanya kazi bega kwa bega. Mwishowe mkaza mjomba alimtazama kando, akautazama mkono wake, akasema kitu kwa Kibukusu. Mama mwenye nyumba hakuelewa, na mimi pia sikuelewa, ila mjomba aliinamisha kichwa akalia, magunzi mapajani. Nilimuuliza baadaye amesema nini. Alisema, "Ameniambia napukuchua vibaya, kama kawaida yangu."

Alikuwa amemjua. Kwa hilo hindi moja, alimjua.

Kesho yake asubuhi mjomba aliniambia niwarudishe kwao. Sikubishana. Nilikwenda nao na kukaa mpaka likizo ilipokuwa inaisha. Tulinunua mahindi ambayo hayajapukuchuliwa, kwa sababu nilishawishika kwamba tumeipata ile ya tatu. Siku ya soko ya kwanza mkaza mjomba alikaa uani na lundo lake toka asubuhi mpaka mjomba akarudi, nami nikiwa karibu, na mlango haukufungwa. Nilimpigia dada nikamwambia kwa furaha. Siku ya soko iliyofuata alipukuchua kidogo, akasimama, akarusha magunzi njiani moja baada ya jingine, akaanza kutembea. Nilimfuata mpaka karibu na barabara kuu, nikamrudisha kwa kumvuta, akaniuma mkono. Mjomba aliziona alama za meno. Alikwenda kuleta chumvi na maji ya moto.

Niliondoka asubuhi. Nilimsihi asinisindikize. Nikasema begi ni jepesi, njia naijua, abaki na mkewe. Akasema mtoto wa dada yake haondoki nyumbani kwake kama mtu aliyefukuzwa. Alimpa mkewe uji, akamfunika miguu, akatoka, akafunga.

Tulitembea kwa mwendo wake. Nyuma yetu mkaza mjomba aligonga kwa kiganja, na baadaye akaita. Hakuita jina la mtu. Aliita tu, kama wanavyoitana wanawake kutoka shamba moja hadi jingine, na sauti ilitufuata mpaka kwenye ule mti wa mwisho na baada yake. Mjomba aliniuliza kama magoti ya mama yanapenda baridi au joto. Nikamjibu. Akaniuliza tena kama Korogwe bado kuna machungwa mengi kama wakati ule alipompeleka mama. Nikamwambia bado. Tulifika barabarani, pikipiki ikasimama, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea haraka haraka, huku sikio lake, niliona, liko nyuma.

Nilimwambia mama kila kitu. Sikuweza kulitimiza ombi la mjomba. Mama aliniangalia usoni mara moja tu nilipoingia ndani, na sikuwa na uso wa kumpa isipokuwa ule. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kaka yake anakula. Nikasema anakula. Akauliza nani anamkata nywele. Sikujua. Hilo la nywele ndilo lililomliza.

Tangu siku hiyo mjomba hupokea simu. Yule jirani alikubali kukaa na ufunguo wa pili, na siku za soko humchungulia mkaza mjomba anapotoka shambani. Zaidi ya hapo hakuna lililobadilika. Tunapiga kila baada ya siku chache, mama anaongea naye kwa Kibukusu, na mimi nasikia kutoka pembeni jinsi sauti yake inavyozidi kuwa ndogo.

Katika mvua za masika alipiga mwenyewe, mchana, nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Alikuwa amechangamka. Alisema ana habari nzuri ya kumpa dada yake.

"Siku hizi sifungi," akasema. "Naenda Chwele narudi, mrango iko wazi. Hawezi simama tena. Miguu imekataa kabisa."

Nikasema alhamdulillahi. Lilinitoka lenyewe. Yeye akasema amina. Kisha mvua ya kwao ikasikika kwenye simu ikipiga bati, mpaka mama akaniita kutoka chumbani akiuliza ni nani huyo, ni kaka yake, mbona simpelekei simu.

Nikampelekea.